Faida iliyo nje ya sanduku

*Vikundi vya kuweka na kukopa hupimwa kwa fedha vinazokusanya, ilhali mwenye biashara ndogo huvuna mengi zaidi katika maarifa anayoyapata kwa wenzake*

Mfanyabiashara mdogo wa rejareja katika miji ya Tanzania hununua mzigo wake bila kujua kwa hakika jirani yake, anayeuza bidhaa ile ile hatua chache tu kutoka alipo, ameununua kwa bei gani. Bei ya jumla haibandikwi ukutani. Hutegemea ukubwa wa mzigo, umri wa uhusiano kati ya muuzaji na mnunuzi, siku yenyewe, na mara nyingi jicho la muuzaji linalompima mteja tangu anapoingia dukani.

Mwenye mtaji mkubwa huweza kutuma mtu azunguke mitaa ya Kariakoo kabla ya kutoa fedha, lakini mwenye genge Mbagala au mama lishe wa Buguruni, ambaye kila saa anayokuwa mbali na biashara yake ni saa ya kukosa wateja, hununua pale alipozoea, na gharama ya kutojua huingia katika hesabu zake bila yeye kuiona.

Upungufu huo wa maarifa hauna safu yake katika takwimu za mikopo, na huenda ndiyo sababu hautajwi sana katika mijadala ya sera, ambako dhiki ya biashara ndogo huelezwa karibu kila mara kuwa ni ukosefu wa mtaji. Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 yenyewe inaitambua biashara ndogo sana kwa vigezo viwili tu, yaani idadi ya wafanyakazi isiyozidi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5. Kinachoachwa nje ya vigezo hivyo ni watu ambao mwenye biashara anaweza kuwauliza jambo wakamjibu kweli.

Kutoka mchezo hadi VICOBA

Kusaidiana kwa wafanyabiashara wadogo hakukuletwa na miradi. Mchezo, ambao kwingine huitwa upatu na ambao wanachama wake huchanga kiasi sawa kila siku au kila wiki na kumpa mmoja wao fedha yote kwa zamu, umeendeshwa kwa vizazi chini ya kijumbe, yaani mtu anayeaminiwa kukusanya michango na kupanga nani apokee lini, bila katiba wala mhuri.

Vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam vilibeba sehemu ya kazi hiyo hiyo, kwa kuwa wanawake waliocheza pamoja walizikana, walichangiana na kusimamiana katika shida. TANU ilipomtafuta mtu wa kuwahamasisha wanawake mwaka 1955 ilimpata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma, naye akapita katika vikundi hivyo vilivyokuwa tayari vinajuana, wakiwamo humo wanawake walioishi kwa kupika na kuuza. Chama kikubwa kilisafiri juu ya mtandao wa vyama vidogo ambavyo havikuanzishwa kwa ajili yake.

Mfumo wa kuweka na kukopa kwa hisa, ambao leo umeenea zaidi, una asili nyingine. Shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991 katika eneo la Maradi nchini Niger kwa wanawake wa vijijini, na baadaye ukaingia Zanzibar na Tanzania Bara, ambako ulirekebishwa na kuitwa VICOBA, yaani benki za kijamii za vijijini, jina ambalo halikuzuia vikundi hivyo kustawi mijini pengine kuliko vijijini.

Kikundi cha kawaida cha VICOBA huwa na wanachama wapatao 30, waliogawanyika katika makundi ya watu watano watano wanaodhaminiana. Kila kikao mwanachama hununua hisa kwa thamani na ukomo uliowekwa katika katiba ya kikundi, huchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na maradhi, na huweza kukopa hadi mara tatu ya hisa zake; mwisho wa mzunguko, aghalabu Desemba, kikundi huvunja hisa, maana yake fedha zote pamoja na riba hugawanywa kwa uwiano wa hisa za kila mmoja.

Utaratibu wa sanduku ni wa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndani yake mna nadharia nzima ya uaminifu. Sanduku la bati au la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu ambao si viongozi, huku sanduku lenyewe likilala nyumbani kwa mweka hazina asiye na ufunguo hata mmoja. Fedha huhesabiwa kwa sauti na wahesabu fedha wawili, jumla hutangazwa na kila mwanachama hutakiwa kuikariri kichwani, ili kikao kinachofuata kianze kwa kuulizana sanduku lilifungwa na kiasi gani. Aliyechelewa hutozwa faini. Aliyeacha simu ilie hutozwa faini. Na katika vikundi vingine hata anayezungumza bila ruhusa ya mwenyekiti hutozwa.

> Utaratibu wote wa sanduku umejengwa juu ya dhana kwamba hakuna anayeaminiwa peke yake. Wanaoaminiwa ni wote kwa pamoja.

Sanduku linapofungwa

Hata hivyo, sehemu ya kikao yenye thamani kubwa kwa mwenye biashara huanza pale ambapo daftari la katibu linaishia. Wanachama wanapofunga sanduku na kubaki wakisubiri chai au mvua ipungue, mazungumzo hugeukia mambo ambayo hakuna semina inayoyafundisha: nani anapunja vipimo katika mafuta ya ndoo, duka gani la jumla linatoa mali kauli, yaani mzigo unaochukuliwa leo kwa neno tu na kulipwa baada ya kuuzwa, mteja gani ana madeni kwa kila mwenye genge mtaani, na mwenye fremu yupi hupandisha kodi mara tu anapoona duka limeanza kujaa.

Mali kauli inaonyesha jambo hilo vizuri kuliko mengine, kwa kuwa muuzaji wa jumla hampi mzigo mtu asiyemjua, na mtu hajulikani mpaka atambulishwe na anayejulikana. Mwanachama mmoja anayempeleka mwenzake kwa tajiri wake wa siku zote humpa mtaji ambao hautaandikwa katika daftari la mikopo la kikundi wala katika taarifa ya halmashauri, na ambao hauna riba.

Hesabu za gharama nazo hunyooshwa hapo. Mama lishe aliyezoea kuhesabu mchele, nyama na mafuta, akasahau mkaa, maji ya kununua kwa dumu, chakula kinachoenda kwa watoto wake na jasho lake mwenyewe, huamini kwamba anapata faida wakati anakula mtaji, na anayeweza kumweleza hivyo akasikilizwa ni mama lishe mwingine, si afisa aliyekuja na chati.

Ndivyo ilivyo pia kwa kodi, kwani mwenye mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi milioni 100 hukadiriwa na Mamlaka ya Mapato kwa viwango ambavyo humwelemea zaidi asiyetunza kumbukumbu, na wengi huanza kutunza daftari baada ya kulinganisha makadirio yao na ya mwenzao aliyelitunza mapema.

Ushahidi wa Dandora na Nanchang

Dhana kwamba mazungumzo ya wenzake humfaa mfanyabiashara imepimwa kitaalamu, na kipimo kilicho karibu zaidi na Tanzania kilifanyika Dandora, Nairobi. Wachumi Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2018, waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake wenye biashara changa: baadhi walipewa mafunzo ya darasani ya biashara, baadhi waliunganishwa na mwanamke mwenye uzoefu anayefanya biashara katika mtaa huo huo, na wengine waliachwa kama walivyo ili wawe kipimo cha kulinganishia.

Darasa halikuongeza faida. Walioungwa na mwenzao mzoefu waliongeza faida kwa wastani wa asilimia 20, na watafiti walipochimba chanzo waligundua kuwa sehemu kubwa ilitokana na jambo dogo kabisa: walielekezwa kwa wauzaji wa jumla wenye bei nafuu zaidi. Mwalimu wa darasani, kwa ujuzi wake wote wa mizania, hakujua wauzaji wa Dandora.

> Darasa la biashara halikuongeza faida. Mwenzao wa mtaani aliiongeza kwa wastani wa asilimia 20.

Utafiti huo una upande wa pili usiopendeza, nao ni kwamba faida hiyo ilififia kadiri uhusiano wa wawili hao ulivyokatika. Maarifa ya soko hayahifadhiki, kwa kuwa bei hubadilika, wauzaji huhama na njia za magendo hufunguka na kufungwa, na kwa hiyo anayepata habari mara moja hubaki na habari ya zamani.

Kuhusu vikundi vyenyewe, ushahidi mkubwa unatoka mji wa Nanchang nchini China, ambako Jing Cai na Adam Szeidl walishughulika na kampuni ndogo zipatazo 2,800 na kuwapanga baadhi ya wasimamizi wake katika makundi ya watu kama 10 waliokutana kila mwezi kwa mwaka mmoja. Mapato ya waliokutana yalipanda kwa asilimia 8.1 kulinganisha na ya wasiokutana, na walioketi na wenye kampuni kubwa kuliko zao walinufaika zaidi.

Hizo hazikuwa magenge ya mama lishe, na tofauti hiyo haipaswi kupuuzwa. Lakini huko Ahmedabad, India, ambako utafiti ulihusu wanawake wa kipato cha chini walio wateja wa benki ya SEWA, wale walioalikwa kwenye mafunzo ya siku mbili pamoja na rafiki walikopa zaidi kwa ajili ya biashara, na miezi minne baadaye kipato cha kaya zao kilikuwa juu, ilhali walioalikwa peke yao hawakuonyesha badiliko hilo ingawa mafunzo yalikuwa yale yale.

Serikali na vikundi vya kuandikisha

Upande wa Serikali unayaona mambo kwa namna nyingine, na hoja zake zina uzito. Fedha za watu maskini zilizolala katika masanduku ni rahisi kuibwa, viongozi wa vikundi wameshatoroka nazo, na waliodhulumiwa hawakuwa na pa kushitaki. Kwa sababu hiyo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma katika madaraja manne, vyama vya ushirika wa akiba na mikopo vikiwa daraja la tatu na vikundi vya kijamii daraja la nne, na Benki Kuu ikakasimu usajili na usimamizi wa daraja hilo la mwisho kwa mamlaka za serikali za mitaa.

Usajili una faida ambayo si ndogo, kwani katiba iliyosajiliwa humpa mwanachama wa kawaida karatasi ya kumshika nayo mweka hazina. Matatizo huanza pale kikundi kinapokuwa tiketi ya kupata fedha ya nje.

Kwa mujibu wa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na sharti kuu la mkopo huo ni kikundi. Matokeo yake ni vikundi vinavyozaliwa wiki ya tangazo: watu wasiojuana vizuri hukusanyika, hunakili katiba ya jirani, huchagua mwenyekiti, na baada ya fedha kuingia kila mmoja hushika njia yake. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilieleza juu ya mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo havikuonekana vilipotafutwa, na Aprili 2023 Serikali ikasitisha mikopo hiyo, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Mjadala wa kipindi hicho ulihusu nani atoe fedha, halmashauri au benki, na namna ya kuzifuatilia. Swali la kikundi kinachostahili kuitwa kikundi lilipita pembeni, wakati ndilo lililokuwa chanzo. Kwa maana watu waliokutana kila wiki kwa mwaka mzima kabla ya kuona fedha ya mtu mwingine wana kitu cha kupoteza wakidanganyana, na waliokutana kwa ajili ya fomu hawana.

> Kikundi kilichozaliwa wiki ya tangazo la mkopo hakina cha kupoteza mkopo unapopotea.

Kikundi kinapoumiza

Wapo wanaovipinga vikundi kwa sababu zisizohusu wizi hata kidogo, na kuzipuuza sababu zao ni kuandika tangazo badala ya makala. Siku ya rejesho, yaani siku ya kulipa sehemu ya mkopo, ni siku ya hofu kwa aliyeuza vibaya, kwa kuwa wadhamini wake wanne watalipa kwa ajili yake kisha watakwenda nyumbani kwake. Vyombo, godoro na televisheni hubebwa mbele ya majirani, na urafiki uliokuwa faida ya kikundi hugeuka kuwa chombo cha aibu.

Hapo ndipo mikopo inayojulikana kama kausha damu hupata wateja. Mwanachama hukopa kwa riba kali kwa mtu binafsi au kwenye simu ili afike kikaoni na rejesho mkononi, na daftari la kikundi linaendelea kuonyesha kwamba marejesho ni asilimia 100. Benki Kuu ilizipiga marufuku programu tumizi 69 za mikopo zisizo na leseni Novemba 2024, hatua iliyopunguza milango bila kugusa sababu ya watu kuigonga.

Pia si kila kitu husemwa kikaoni. Utafiti wa Nanchang ulionyesha kuwa wasimamizi walipashana habari muhimu zaidi pale ambapo hawakuwa washindani, jambo ambalo kila mwenye meza ya vitenge analijua bila utafiti: hakuna atakayemwonyesha jirani wa mstari mmoja mahali anaponunua. Kikundi cha wauza vitenge watupu huweka akiba vizuri lakini hubaniana habari, ilhali chenye fundi cherehani, muuza vitenge, mama lishe na mwenye bodaboda huzungumza kwa uhuru, hata kama ushauri wao wakati mwingine hauingii ndani sana ya kazi ya mwenzao.

Na wenye dhiki zaidi hubaki nje, si kwa kufukuzwa bali kwa sababu hawamudu hisa moja kwa wiki na wanajua faini itawafika. Utafiti mpana wa vikundi vya akiba vya Ghana, Malawi na Uganda, uliochapishwa mwaka 2017, ulikuta biashara za wanawake zimeimarika na sauti yao katika maamuzi ya nyumbani imeongezeka, lakini matumizi ya kaya kwa wastani hayakupanda. Anayetangaza vikundi kuwa dawa ya umaskini anavidai visichoweza kutoa.

Simu, kikao na sauti ya pamoja

Tangu mwaka 2019 huduma ya M-Koba, iliyoanzishwa na Benki ya TPB kwa kushirikiana na Vodacom, imewawezesha wanachama kuchangia na kukopa kwa simu, na hatari ya sanduku kuibwa imepungua kwa vikundi vilivyohamia huko. Fedha ikishakuwa salama mkononi, mwenye shughuli nyingi huuliza kwa nini apoteze alasiri nzima kwenda kikaoni, na vikundi vingine vimepunguza vikao hadi kimoja kwa mwezi au kuvihamishia katika ujumbe wa simu.

Kuhusu hilo kuna kipimo cha Kolkata, ambako wakopaji wapya walipangwa kwa bahati nasibu wakutane kila wiki au kila mwezi katika mkopo wao wa kwanza. Katika mkopo wa pili, uliokuwa na masharti sawa kwa wote, waliokuwa wamezoea vikao vya kila wiki walikuwa na uwezekano wa kushindwa kulipa uliokuwa mdogo mara tatu kuliko wenzao, na maelezo ya watafiti ni kwamba walikuwa wameshatembeleana majumbani na kujuana. Muda unaoonekana kupotea ndio uliokuwa ukinunua uaminifu.

Faida nyingine, ya kusikika mbele ya mamlaka, haihitaji maelezo marefu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka wakilalamikia namna kodi inavyokusanywa, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja, jambo ambalo mwenye duka mmoja asingelipata kwa barua elfu. Hata hivyo hiyo ni kazi ya vyama vikubwa vyenye maduka ya kufunga. Kikundi cha watu 30 wa Buguruni hakina nguvu hiyo.

Anayekua huondoka

Lipo tatizo moja ambalo sheria na katiba za vikundi hazijalitazama, na ambalo tafiti za Dandora na Nanchang zinalifanya liwe zito. Ikiwa mdogo hujifunza zaidi anapoketi na aliyemtangulia, basi mwanachama mwenye thamani kubwa kuliko wote ni yule ambaye biashara yake imekua, anayewajua wauzaji wa jumla na ambaye jina lake linatosha kumpatia mwenzake mali kauli.

Mwanachama huyo ndiye wa kwanza kuondoka. Ukomo wa mara tatu ya hisa haumtoshi tena, benki imeanza kumfuata, na kikao cha kila wiki kinamgharimu mauzo makubwa kuliko ya mtu mwingine yeyote kikundini. Hivyo hisa zikivunjwa Desemba huchukua mgao wake, huaga kwa heshima na hajiandikishi kwa mzunguko mpya. Vikundi vichache humruhusu abaki mlezi bila kukopa, kwa makubaliano ya mdomo tu. Katiba nyingi zina vifungu vya kutosha kuhusu mchelewaji na mdaiwa sugu, lakini hazina hata kimoja kinachompa mtu asiyehitaji mkopo sababu ya kurudi, wala faini haimpati aliyekwisha kuchukua hisa zake.